Sahihi ya Ami Hamood

Jumapili, 1 Juni

Daftari hili nimepewa na mtu wa kampuni ya dawa. Lina maandishi ya dhahabu juu na tarehe ndani, basi nimeona nilitumie kabla mama hajaliandikia hesabu za dukani. Naandika Kiswahili cha nyumbani makusudi. Binamu zangu wanakijua kwa mdomo tu, kukisoma hawawezi, kwa hiyo hapa niko salama kuliko kwenye simu.

Mimi Khattab, miaka ishirini, mwenye gari bovu na nywele nzuri. Mtihani wa mwisho wa skuli nimeufanya mara mbili na mara mbili umenishinda, Kiingereza na hesabu. Lakini muulize yeyote wa darasa letu nani alikuwa bingwa wa sahihi. Barua za mzazi, za mwalimu mkuu, za daktari wa meno, zote zilipita mkononi mwangu. Nilisaini baba wa wavulana wasiopungua kumi, na baba mmoja mwenyewe aliitazama akasema, "Sikumbuki lini, ila yangu hii."

Sasa niko zahanati ya Ami Hamood hapa Sib, nje kidogo ya Maskati. Ami ni ndugu yake marehemu baba, daktari, na amenichukua kwa sababu mama alilia mbele yake. Cheo changu ni mratibu wa nyaraka. Maana yake nabeba faili.

Jumatatu, 2 Juni

Leo nimeshuhudia kitu. Zahanati imepata msaidizi wa daktari, Dada Truphena, Mkenya, mrefu, anatembea kama anachelewa basi. Si nesi, si daktari kamili. Anapima, anaandika dawa, anasafisha vidonda, lakini chini ya mkono wa daktari, na hilo lazima liwe kwenye mkataba.

Mkataba wenyewe kurasa nne. Ami alitaka kuutia sahihi chapchap, Dada Truphena akasema, "Daktari, naomba tusome pamoja kwa sauti." Ami akatazama saa. Akasomewa vifungu vyote kumi na mbili kama mtoto anayesikilizishwa masharti ya safari ya skuli. Mie nikawa nacheka nyuma ya mlango.

Viwili vimenibaki kichwani. Cha tano: kila wiki daktari asome faili kumi za msaidizi, atie sahihi kila moja, na akiulizwa swali ajibu kwa maandishi. Cha nane: kidonda cha mguu cha mwenye sukari kisipoanza kupona ndani ya siku kumi, daktari ajulishwe, aamue yeye.

"Na sahihi bila neno?" Dada Truphena akauliza.

"Maana yake nimesoma, endelea," Ami akasema. "Haya, kalamu."

Alhamisi, 5 Juni

Joto. Kesho Idi. Mama amenipigia pasi kanzu akaichoma kwapani.

Alhamisi, 12 Juni

Ami amehamia shamba la mitende, upande wa Rustaq, mpaka rutabu, tende laini za msimu, ziishe. Kila mwaka hivyo hivyo. Ana sehemu yake kwenye falaji, mfereji wa maji wa tangu enzi za mababu, na zamu yake ya maji anaijua kwa dakika. Zahanati ameiacha kwa Dada Truphena, na kila Alhamisi mie ndiye wa kumpelekea faili kumi.

Asubuhi Dada Truphena alinipa mfuko na chapati mbili ndani ya karatasi ya fedha. "Ni mbali, Khattab. Usiende na njaa." Nikamwambia mie mtoto wa Kiomani, naweza kuvuka jangwa kwa punje moja ya tende. Akasema, "Haki wewe unaongea sana. Beba tu."

Ami nimemkuta kakaa mkekani, sinia la rutabu mbele yake. Akasaini kumi zote bila kuosha vidole. Ukurasa wa tatu una alama ya tende.

"Husomi, ami?"

"Nsome nini? Huyu binti anaandika kama anapeleka insha ya mtihani. Kazi yake safi. Hebu nyanyua hilo sinia, maji yangu yanafunguliwa saa tisa."

Alhamisi, 19 Juni

Tena Rustaq. Kiyoyozi cha gari kinatoa hewa ya mdomo wa mgonjwa. Nimefika shati limegandana na kiti, Ami yuko kwenye mfereji na suruali kaikunja magotini, daktari mzima, anapigizana kelele na jirani juu ya dakika sita za maji. Nimemngoja saa nzima. Alipokuja akasaini mikono ikiwa na tope.

"Unateseka bure," akaniambia. "Si wewe uliyekuwa ukisaini barua za skuli za marehemu baba'ko? Ungetia mwenyewe hukohuko Sib."

Akacheka. Na mie nikacheka.

Alhamisi, 26 Juni

Digrii arubaini na saba. Nilipofika mzunguko wa barabara ya kwenda Rustaq, mikono yenyewe ikazunguka yote ikanirudisha. Nikaegesha gari ufukweni Sib, chini ya kivuli cha ukuta wa soko la samaki, nikanunua chai ya karaki, nikala chapati zangu mbili, nikatoa kalamu ya wino wa buluu.

Sahihi ya Ami Hamood haina ugumu. Herufi Ha kubwa, kisha mstari unaoruka kama mtu aliyekanyaga mchanga wa moto, kisha nukta mbili. Niliijaribu mara nne kwenye kikopo cha chai. Ya tano ilikuwa yake kuliko yake.

Kumi zote dakika tatu. Nikalala garini mpaka saa kumi ili nirudi na uso wa safari.

"Pole na jua," Dada Truphena akaniambia. Akanipa maji baridi. Nikayanywa yote.

Alhamisi, 3 Julai

Ufukweni. Kumi. Chapati mbili.

Jumanne, 8 Julai

Leo kaja Ami Yaqoob. Si ami yangu wa damu, ila kila mtoto wa mtaa wetu anamwita hivyo, maana ndiye aliyekuwa dereva wa basi la skuli. Miaka tisa alinichukua mlangoni. Nikichelewa alikuwa hapigi honi, anashuka mwenyewe anagonga, "Yalla, profesa, elimu inakungoja." Mtu mwenye sukari, kaota kidonda chini ya kidole gumba cha mguu. Alikanyaga sakafu ya msikiti mchana bila viatu, hakusikia kama anaungua.

"Profesa!" akaniita mbele ya watu. "Ndo daktari sasa?"

"Nakaribia, ami. Nimebakisha kusoma tu."

Akacheka mpaka akashika ukuta. Dada Truphena akamsafisha, akamfunga, akamwandikia arudi kila baada ya siku mbili.

Alhamisi, 10 Julai

Kumi. Chapati mbili. Nimeona kuwa nikishika kalamu karibu na ncha, mstari wa katikati unaruka vizuri zaidi.

Alhamisi, 17 Julai

Faili ya Ami Yaqoob imo kwenye kumi za leo. Mwandiko wa Dada Truphena kwa Kiingereza umebanana kama abiria, na mie Kiingereza changu mnakijua. Lakini chini kabisa kaweka alama ya kuuliza, kubwa, kaizungushia duara. Kama ndoana. Nikaitazama nikasema, dada huyu hata alama zake zina wasiwasi. Nikasaini chini yake. Ha kubwa, mruko, nukta mbili.

Chai ya leo walizidisha sukari.

Alhamisi, 24 Julai

Nataka kuandika lililotokea leo halafu nisilisome.

Jana Dada Truphena alimpigia simu Ami mbele yangu. Mtandao wa shambani unakatika. Nilimsikia Ami akisema, "Andika kwenye faili, Khattab ataleta, ntajibu." Akaandika. Mara hii alama za kuuliza mbili na mstari mwekundu.

Nikaenda ufukweni. Nikakaa na ile faili mapajani. Nikawaza, niende Rustaq leo? Lakini nikienda, Ami atauliza ziko wapi wiki tatu nne zilizopita, mbona hukuja. Na hata akiwa kasahau mwenyewe, maana Ami hajui leo ni Jumanne au Ijumaa, tope lote litaniangukia mie. Nikasaini. Chini ya alama mbili.

Niliporudi akaichukua faili ile kwanza, kabla hata ya kunipa maji. Akageuza ukurasa, akageuza tena.

"Daktari hakuandika kitu?"

"Katia sahihi hapo."

"Naona sahihi. Nimeuliza nimpeleke hospitali ama tuendelee kusafisha. Hakusema kitu kwa mdomo?"

Hapo ningeweza. Mdomo ulikuwa wazi tayari.

"Kasema kazi nzuri," nikamwambia. "Kasema endelea."

Akavuta pumzi, mabega yakashuka. "Sawa. Asante, Khattab. Wewe ni msumbufu, lakini kwa hii kazi ni mwaminifu."

Jumatatu, 28 Julai

Ami Yaqoob kaja na kandambili moja na soksi moja. Chumba kilikuwa na harufu. Nikasingizia kwenda kununua wino wa mashine.

Alhamisi, 31 Julai

Kumi. Chapati moja nimempa paka.

Jumanne, 5 Agosti

Ami Yaqoob kaanguka nyumbani kwake alfajiri, homa kali, anaongea na abiria wa basi ambalo liliuzwa zamani. Mwanawe kamkimbiza hospitali kuu ya serikali. Dada Truphena alipopata habari alikaa kwenye kiti cha wagonjwa, si chake, akashika ile faili kifuani.

Jumatano, 6 Agosti

Wamemkata mguu chini ya goti.

Alhamisi, 7 Agosti

Asubuhi Dada Truphena akanipa mfuko kama kawaida. Macho mekundu, lakini mfuko umefungwa vizuri, karatasi ya fedha imekunjwa pembe zote nne. "Mpe daktari mkononi," akasema. "Mwambie nangoja."

Sikupita ufukweni. Nimekwenda Rustaq, njia yote, kiyoyozi kimezimwa, nikijiadhibu kijinga. Shamba tupu. Kibarua akasema Ami kashuka Maskati tangu usiku, hospitali wamempigia. Maji ya zamu yake yanakwenda kwenye mitende na hakuna anayeyatazama. Mfuko niliuacha kiti cha mbele. Chapati zilikauka humo, sikuzigusa.

Zile faili nimezisoma, kwa mara ya kwanza, garini, neno moja moja na simu mkononi ikinitafsiria. Faili ya Ami Yaqoob, tarehe 17: kidonda hakijaanza kupona, kingo nyeusi, kwa kifungu cha nane naomba uamuzi wako, nimpeleke hospitali? Tarehe 24: kimeingia ndani, nina wasiwasi, tafadhali jibu leo.

Alama ya kuuliza niliiona. Hilo siwezi kulikimbia. Asiyejua Kiingereza hata herufi moja anaijua alama ya kuuliza.

Jumapili, 10 Agosti

Kaja mwanamke kutoka ofisi ya leseni za madaktari, kule kwenye wizara, Al Khuwair. Bi Mazoon. Mdogo wa umbo, miwani, sauti ya chini, anaongea na kila mtu kwa lugha yake: na Ami Kiarabu, na Dada Truphena Kiingereza, na mie alinisikia nikinong'ona akanigeukia kwa Kiswahili cha Unguja, "Na wewe n'nani hapa?"

"Mratibu wa nyaraka."

"Basi ratibu. Nletee mkataba na kurasa zote zilizosainiwa."

Akazipanga mezani kwa tarehe. Ami akaja mbele, akazitazama. Za tarehe 12 na 19 Juni, akaitikia kwa kichwa, zangu. Alipofika 26 akasita. Akainua ukurasa kwenye mwanga. Kisha macho yake yakatoka kwenye karatasi, yakaja kwangu, yakakaa kidogo, yakarudi.

Anaijua. Ndani ya pumzi moja aliijua.

"Hizi si zangu," akasema. "Tangu tarehe hii, hakuna hata moja niliyotia mie."

"Nani kazitia?" Bi Mazoon akauliza.

"Sijui. Faili zinakaa kwake." Na akaonyesha kwa kidevu, hata si kwa mkono, upande aliosimama Dada Truphena.

Dada Truphena hakuelewa Kiarabu chote. Alielewa kidevu. Akanigeukia mie, si Ami. "Khattab, wewe ndiye unazipeleka. Waambie."

Nikasema, "Mie nabeba tu."

Nimeandika hilo kama nilivyolisema. Maneno matatu.

Jumatatu, 11 Agosti

Leseni ya Dada Truphena imesimamishwa. Bi Mazoon kamwelezea polepole: bila sahihi za kila wiki msaidizi haruhusiwi kumgusa mgonjwa, kwa hiyo mwenye haja ya sahihi ni yeye. Wakithibitisha kwamba kaghushi, jina lake litaandikwa, na lililoandikwa hapa linasomwa kila nchi, hata kwao. Hatafunga kidonda tena popote duniani.

Alhamisi, 14 Agosti

Alhamisi bila faili.

Ami kaja nyumbani baada ya Isha. Mama akaweka kahawa na halua akakaa, na kwa kawaida Ami akija kwa mazungumzo ya wanaume mama hakai. Ami akazungumza nami kwa upole, na huo upole ndio ulionitisha.

"Mwanangu, mie nakulinda. Umeelewa? Nlisema sijui kwa ajili yako. Ukoo mzima utasemwa. Huyu mgeni atarudi kwao, atapata kazi nyingine, ana elimu."

"Wamesema hatapata, ami."

"Wanasema tu."

"Wewe ndiye uliyeniambia nisaini."

Kikombe kikasimama njiani. "Nlitania! Mtu mzima huwezi kujua utani?"

Kusema kweli ilikuwa utani. Nilijua siku ileile kuwa ni utani, nikautia mfukoni kama ruhusa. Lakini nilipomtazama akifuta mdomo niliona jambo jingine: hanilindi mimi. Wakijua nani kasaini, wataniuliza na mengine. Wataniuliza zile za kwanza, za kweli, zilisomwa?

Alipoondoka mama akaanza kukusanya vikombe. "Ulipokuwa skuli," akasema bila kunitazama, "marehemu baba'ko alikuwa akiziona zile barua. Zote. Alikuwa akisema, mwache, ataacha mwenyewe akiona haya."

Akazima taa ya sebuleni na mie nikiwa bado nimekaa.

Jumapili, 17 Agosti

Mama kanipeleka hospitali kumtazama Ami Yaqoob. Kanipeleka ndilo neno lenyewe, kanishika mkono wa kanzu.

Kapungua. Shuka upande mmoja limelala bapa. Mwanawe katutolea viti.

"Profesa," akasema. "Umekonda wewe kuliko mie."

Mama akamuuliza hali, akasema alhamdulillahi, mguu ulikwenda kwa sababu muda wake uliisha. Kisha akaniuliza, "Yule binti wa Kikenya hajambo? Nasikia wamemsimamisha. Alikuwa akinipigia simu kila jioni, kuuliza homa. Siku ile ya mwisho kaniambia, mzee, kama ni mimi peke yangu ningekupeleka leo, lakini daktari kasema tuendelee. Hamood hakusema hivyo? Wewe ndiye ulokuwa ukienda."

Mashine ya jirani ikalia. Nesi akaja akaizima. Mama alikuwa ananitazama. Ami Yaqoob alikuwa ananitazama pia, bila hasira, vilevile alivyokuwa akitazama kwenye kioo cha basi kuhesabu kama tumekaa wote.

"Hakusema, ami," nikajibu. "Sikufika kwake. Mie ndiye niliyesema."

Hakunitukana. Ningemshukuru angenitukana. Aligeuza uso ukutani akasema, "Nna usingizi. Yalla, nendeni." Mwanawe akanifuata mpaka ujiani na ngumi imekunjwa, mama akajitia katikati yetu, mwanamke wa kimo cha bega langu, na huko nyuma chumbani sauti ya Ami Yaqoob ikaita, "Mwache aende! Kuna anakotakiwa kwenda kwanza."

Jumatano, 20 Agosti

Al Khuwair. Gari za wafanyakazi wa wizara zimejaa mpaka juu ya kingo za njia. Nimeegesha mbali, nimefika nimelowa. Nilivaa kanzu ile yenye alama ya pasi kwapani, nyingine sikuona kama nastahili.

Dada Truphena alikuwa kwenye benchi la ujiani na bahasha ya vyeti vyake. Walikuwa wamemwita asubuhi hiyohiyo. Aliniona. Akasogeza mkoba wake kunipa nafasi ya kukaa, kwa mazoea tu, kisha akakumbuka na kuurudisha pale pale. Nikasimama.

Ndani, Bi Mazoon na mwanamume mmoja anayeandika. Ami keshakaa, kanzu nyeupe, kilemba cha rangi ya zafarani, kanukia udi. Aliponiona mguu wake mmoja ukaanza kucheza.

"Nimekuja kusema," nikasema. "Ni mimi."

"Hajui asemalo," Ami akasema. "Mtoto huyu anapenda sifa."

Kweli napenda. Bi Mazoon alinitazama kitambo, akanisukumia karatasi tupu na kalamu. "Kama n'wewe, tia. Mara kumi."

Nikatia. Ha kubwa, mruko, nukta mbili. Mkono haukutetemeka, na hilo liliniaibisha kuliko kutetemeka. Kumi, moja chini ya nyingine, kila moja ni ami yangu. Yule mwandishi akanyanyuka kutazama. Miaka yote nilikuwa nataka watu wazima wakae kimya namna ile mbele ya kazi yangu.

Bi Mazoon akaweka kidole kwenye faili ya Ami Yaqoob. "Hii ya tarehe ishirini na nne. Uliona kaandika nini?"

"Kusoma sikuweza. Alama ya kuuliza niliiona."

"Na msaidizi alikuuliza?"

"Aliniuliza. Nikamwambia daktari kasema endelea."

Akaandika mwenyewe, hakumwachia yule mwanamume. Kisha akavuta kurasa za mwanzo, ile yenye alama ya tende. "Na hizi za Juni, zake mwenyewe daktari. Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Alizisoma?"

Chumba kizima kikawa mguu wa Ami unaocheza. Nikamtazama. Huyu alimzika baba yangu. Huyu alilipia meno ya mama. Huyu alinipa kazi niliyokuwa siistahili, nami nikaifanya nisivyostahili. Alinitazama kwa macho yaliyokuwa yanaomba, na sijawahi kuona macho yake yakiomba.

"Hakuzisoma," nikasema. "Moja alikuwa anakula rutabu. Nyingine alikuwa na tope."

Mguu ukasimama.

Nikasomewa maelezo yangu, kwa sauti, kifungu kwa kifungu, mie ambaye niliwacheka nyuma ya mlango. "Haya," Bi Mazoon akasema, "tia sahihi yako hapa chini."

Nikashika kalamu. Nikangoja mkono uanze. Haukuanza. Nilikuwa na ya Ami, na ya marehemu baba, na ya mwalimu mkuu, na za baba wa wavulana kumi. Yangu sikuwahi kuitengeneza, nani angeihitaji? Wote wananitazama. Nikaandika jina langu, herufi moja moja, kwa mwandiko wa darasa la pili, na mstari ukapanda juu mwishoni.

Jumanne, 26 Agosti

Zahanati imefungwa. Ami kasimamishwa mwaka mzima, na mie faili yangu imekwenda kwa mwendesha mashtaka, pasi yangu ya kusafiria wanayo wao. Dada Truphena kafutiwa lile la kughushi. Kabakishiwa onyo la maandishi, kwamba angempeleka mgonjwa bila kungoja jibu. Anasema onyo hilo ni haki yake na atalibeba. Leseni karudishiwa.

Shangazi wawili wameacha kumpigia mama simu. Mama kasema simu yake imepata kupumua.

Alhamisi, 4 Septemba

Joto limevunjika kidogo. Nilikwenda zahanati kukabidhi funguo, nikamkuta Dada Truphena anapanga vitu vyake kwenye boksi. Kapata kazi Sohar, kwa daktari mwanamke, na mkataba wao anasema wameusoma wote wawili mara mbili.

Nikamwambia nisamehe. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi, hilo moja ndilo lililotoka.

Akafunga boksi kwa utepe, akaukata kwa meno.

"Chapati zangu ulikuwa unakulia wapi?"

"Ufukweni. Hapa Sib. Garini."

"Wiki ngapi?"

"Sita."

"Zote mbili? Kila wiki?"

"Moja nilimpa paka," nikasema, maana niliona sasa nisidanganye hata kwa chapati.

Akabeba boksi. Nikataka kumsaidia, akalipitisha upande wa pili wa mwili wake. Alipofika mlangoni akasimama, mgongo kanipa.

"Moja ilikuwa yako," akasema. "Ya pili ilikuwa ya daktari. Nilidhani akila, atakumbuka kuna mtu huku anangoja jibu."